Pembezoni mwa Ukurasa wa Kumi na Nne

Magazeti hunifikia Kongwa yameshazeeka.
Nayanunua kwa kilo, si kwa habari.
Anayeniuzia hajali nani alishinda, nani kajiuzulu;
anapima, ananidai, najitwika.

Kabla sijakunja pakiti za karanga
nautafuta ukurasa wa kumi na nne,
ule wa sayansi na vioja.
Siasa nakunja bila kusoma.
Michezo nampa Chilongani, anishonee kandambili huku akinisimulia.
Lakini huu nausoma hadi nukta ya mwisho,
na kwa penseli iliyobaki nusu kidole
naujibu pembeni.

"Pweza ana mioyo mitatu."
Nikaandika: Mimi mmoja tu,
na ulinifikisha Dumila kwa mwanamume asiye na hata choo.

"Nyuki hutambua nyuso za watu."
Basi ni kweli, wale wa shemeji walinikusudia.

"Imebuniwa mashine ya kupika, haihitaji mtu."
Haya. Na mlenda ukitereza kwenye vyuma vyake?
Kitu kisichojua njaa
kitajuaje ugali umeiva?

"Wataalamu wataijua mvua kabla mawingu hayajajua."
Hapo penseli ilitoboa karatasi.
Hapa Kongwa, niliandika, wataalamu walishakuja,
na matrekta, wakapanda karanga mpaka macho yanapoishia.
Bibi yangu aliajiriwa kuokota mawe.
Jua likauoka udongo ukawa tofali,
mvua haikuwa imeusoma mpango.
Karanga ninazouza leo ni za jembe la mkono.
Asanteni.

"Mwezi unatuhama, karibu sentimita nne kwa mwaka,
mwendo wa ukucha kukua."
Nikaandika, maana nilikuwa nimechoka:
Nani kashika utepe upande wa pili?

Kisha nakunja, najaza, nakimbilia madirisha ya mabasi.
Maoni yangu yanasafiri bila nauli.
Yanashuka Gairo, Manyoni, Itigi,
yamelowa mafuta, yana chumvi kwenye kingo.
Hajawahi kurudi mtu kubishana,
ila mmoja, aliyedai karanga zina mchanga.

Mpaka Jumanne ya juzi.
Kondakta akanikabidhi pakiti yangu mwenyewe,
tupu, imenyooshwa,
nadhani hata pasi ilipigwa.
Chini ya penseli yangu, wino wa bluu,
herufi zimesimama kama watoto mstarini:

"Utepe ni mwanga. Vioo viliachwa kule juu.
Wanarusha mwali, unagonga, unarudi,
wao wanahesabu muda. Upande wa pili hakuna mtu.
Kuhusu mvua: mimi Nehemia Chidosa
nasoma kipimo Mpwapwa, kila asubuhi saa tatu.
Sitabiri kitu. Nahesabu kilichoanguka.
Tangu Mei naandika sifuri,
na kila sifuri naichora vizuri,
kwa kuwa niliinama nikatazama kweli.
Karanga zako zimezidi chumvi."

Nikasoma nimesimama, basi la Kondoa likipiga honi,
abiria ananyoosha mia tano, mimi simwoni.
Nilikuwa nafikiria mtu anayeamka,
anavaa shati, anavuka uwanja wenye vumbi
kwenda kuhakikisha kwamba hakuna kitu.

Jumamosi nilikata kucha uani.
Kipande cha kidole gumba kikaruka, kikatua kwenye beseni,
cheupe, kimepinda, kama mwezi ulioandama.
Nikakipima kwa jicho.
Sikukitupa mara moja.

Nilimjibu. Nilimwandikia marefu,
pembeni mwa habari ya samaki asiye na macho:
kuhusu chumvi (sipunguzi),
kuhusu sifuri,
na swali moja la upande wa pili, pale pasipo na mtu.
Nikaiweka kando, chini ya jiwe la mizani.

Nilipotoka msalani mtoto wa Chilongani alikuwa kanisaidia kuuza.
Jibu limeondoka na basi la Babati,
limefungiwa karanga,
kwa kijana, anasema, mwenye kofia nyekundu,
aliyeanza kutafuna kabla hajakaa.